Boriti ya zege ikikataa kwenye programu: uongeze kina, upana, daraja la zege au nondo?

Boriti imegeuka nyekundu kwenye kompyuta. ETABS, programu ya hesabu za majengo, inakuandikia O/S, yaani imezidiwa, na programu nyingine zina namna zao za kusema jambo hilohilo: saizi hii haitoshi. Mhandisi kijana, mteja akiwa anapiga simu kuulizia michoro, ana njia nne mkononi. Aongeze kina cha boriti, aongeze upana, apandishe daraja la zege (nguvu yake kwa N/mm²) kutoka 25 hadi 30, au aiache programu ijaze nondo mpaka ikubali.

Kwenye kompyuta zote nne zinaweza kuiondoa ile rangi. Kwenye saiti hapa Uganda hazilingani hata kidogo. Mbili zilizo rahisi zaidi kuzichapa, yaani daraja la zege na nondo, ndizo ngumu zaidi kuzitimiza zege linapomwagwa. Kwa hiyo naziweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa hesabu unayoweza kuirudia kwa kikokotoo cha mkononi.

Boriti tutakayoitumia

Jengo la maduka chini na ofisi juu, kama yalivyojaa Ntinda na Kireka, viungani mwa Kampala. Boriti yetu ni ya pembeni, inapita juu ya nguzo zilizoachana mita 7, na boriti ndogo za ndani zinaishia kwake. Upana ni mm 230 kwa sababu ukuta wa matofali wa inchi tisa ndio unaokaa juu yake. Kina ni mm 450. Zege ni daraja 25, nondo ni za nguvu ya 460 N/mm², na kanuni ya usanifu ni BS 8110. Uingereza wenyewe waliiondoa kanuni hiyo mwaka 2010 wakahamia Eurocode 2 ya Ulaya, lakini ofisi nyingi za huku bado zinaitumia, na hesabu zake ni nyepesi kuzikagua.

Mzigo wa mwisho, ukishazidishwa 1.4 kwa mzigo wa kudumu na 1.6 kwa mzigo wa watu na samani, ni karibu kN 43 kwa mita. Programu inatoa momenti (nguvu ya kupinda) ya kNm 210 juu ya nguzo, mkato (nguvu ya kukata boriti) wa kN 180 na msokoto (nguvu ya kuizungusha) wa kNm 25. Kina cha kazi, kutoka ukingo wa zege linalogandamizwa hadi katikati ya nondo zinazovutwa, ni mm 400.

Kwanza hakikisha boriti imekataa kweli

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko kwingine kote, maana boriti nyingi nyekundu hazina ugonjwa wowote. Ugonjwa uko kwenye modeli.

Chukua mkato. BS 8110 inataka mkazo wa mkato usizidi 0.8 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya zege, na kwa vyovyote usipite 5 N/mm². Kwa zege la 25 kikomo ni 4.0 N/mm². Kwenye boriti ya 230 kwa 400 hiyo ni kN 368. Ili boriti ya mita 7 ifikie hapo, ingebidi ibebe karibu kN 88 kwa kila mita. Yetu ina 43. Basi programu ikilalamika kwamba mkato peke yake umepita kikomo kwenye boriti ya kawaida kama hii, usiguse saizi. Nenda kwenye mizigo.

Ukuta ndio mkosaji wa kwanza. Ukuta wa matofali ya kuchoma wa mm 230, wenye kimo cha mita 3 na plasta pande zote mbili, una uzito wa karibu kN 14 kwa mita. Ukiingizwa mara mbili, mara moja na mchora modeli na mara ya pili na mwenzake aliyeipokea faili, unaongeza, ukishazidishwa 1.4, karibu kNm 96 kwenye momenti ya boriti hii. Hiyo ni karibu nusu ya momenti yote tunayohangaika nayo. Uzito wa slabu nao hurudiwa hivyohivyo: programu imeshauhesabu yenyewe, kisha mtu anauongeza kwenye mzigo wa kudumu.

Kosa la pili ni boriti isiyoshikana na nguzo. Kwenye picha zinaonekana zimekutana, lakini nukta zao ni mbili tofauti, na programu inaiona boriti ya mita 14 badala ya mbili za mita 7. Momenti hukua kwa mraba wa urefu, hivyo inakuwa mara nne. Washa picha ya boriti inavyojipinda: ikiwa inanepa hata pale ilipo nguzo, umeshapata jibu.

La tatu ni la kwetu hasa. Slabu za Maxpan, yale matofali ya udongo yenye matundu, hupeleka mzigo upande mmoja tu, kufuata mbavu. Ukiiingiza kama slabu ya zege tupu inayogawa mzigo pande mbili, boriti moja itabebeshwa isichostahili na nyingine itaonekana salama wakati si salama. Hii ya pili ndiyo ya kuogopa, kwa sababu haigeuki nyekundu.

La nne ni nguvu ya zege. BS 8110 inahesabu kwa nguvu ya kipande cha zege cha mchemraba kinachopondwa maabara, Eurocode 2 kwa cha silinda. Zege linaloandikwa C25/30 lina 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba. Ukibadili kanuni kwenye programu bila kubadili namba hiyo, umebadili zege bila kujua.

Kagua kwa mkono: mzigo mara urefu mara urefu, gawa kwa 10. Kwa boriti yetu, 43 × 7 × 7 ÷ 10 inatoa karibu 211, na programu imesema 210. Modeli inasema kweli. Sasa twende kwenye tiba.

Msokoto haufuati foleni hii

Jumlisha mkazo wa mkato na wa msokoto kwenye boriti yetu: 1.96 na 2.53, unapata 4.49. Kikomo ni 4.00. Boriti imekataa, na hapo wengi hukimbilia saizi.

Jiulize kwanza msokoto unatoka wapi. Boriti ndogo zinazoingia kutoka ndani zinapojipinda, zinaivuta boriti ya pembeni izunguke. Boriti ya pembeni ikipata nyufa kidogo inalegea, msokoto unapungua, na mzigo unabaki kwenye boriti ndogo bila kitu chochote kuanguka. Msokoto wa namna hii BS 8110 kwa kawaida haikulazimishi kuuhesabu, na Eurocode 2 nayo inaruhusu kuuacha kwenye hesabu ya nguvu ya mwisho. Unachofanya ni kupunguza ukakamavu wa msokoto wa boriti hiyo kwenye programu, kisha unaendesha hesabu upya. Ile 4.49 inateremka kuelekea 1.96.

Kuna deni la kulipa. Momenti ambayo ncha za boriti ndogo zilikuwa zikiishika sasa inahamia katikati yake, kwa hiyo nondo zake za chini lazima zikaguliwe tena. Weka pia ringi zilizofungwa kamili kwenye boriti ya pembeni, na nondo kiasi juu ya ncha za boriti ndogo, ili nyufa zibaki nyembamba.

Lakini fikiria lile paa la zege linalotokeza mbele ya maduka kufunika baraza. Kama slabu hiyo imeshikwa na boriti ya pembeni tu na haiendelei ndani, msokoto ndio unaoizuia isianguke juu ya wapita njia. Hapo usiguse ukakamavu hata kwa asilimia moja. Ubebe msokoto wote kwa saizi, ringi na nondo za urefu. Watu wawili wanaweza kubonyeza kitufe kilekile kwenye programu ileile, mmoja akawa amefanya kazi nzuri na mwingine ametengeneza kifo.

Tiba nne kwa namba

Nimeuacha msokoto ndani ya jedwali, ili lifae pia pale ambapo hauwezi kupunguzwa. Momenti inayohitajika ni kNm 210. Safu ya momenti inaonyesha kile boriti inachobeba bila msaada wa nondo za mgandamizo, yaani zile zinazolisaidia zege upande unaogandamizwa.

| Boriti | Momenti (kNm) | Mkato + msokoto / kikomo (N/mm²) | Ukakamavu dhidi ya kunepa |
|---|---|---|---|
| Ya mwanzo, 230 × 450, daraja 25 | 143 | 4.49 / 4.00 | 1.00 |
| Kina zaidi, 230 × 600 | 271 | 3.23 / 4.00 | 2.37 |
| Upana zaidi, 300 × 450 | 187 | 3.09 / 4.00 | 1.30 |
| Daraja 30, 230 × 450 | 172 | 4.49 / 4.38 | 1.04 |
| Nondo zaidi, 230 × 450 | 143, nyingine hubebwa na nondo | 4.49 / 4.00 | karibu 1.00 |

Tazama safu za kina na upana. Zege lake ni karibu lilelile, la kina likizidi kwa kiasi kidogo sana. Lakini kwa momenti, kina kimeiacha mbali upana, na kwa kunepa hata usilinganishe, kwa kuwa ukakamavu hukua kwa kina × kina × kina. Upana unashinda mahali pamoja tu, kwenye msokoto, tena kwa kiasi kidogo.

Nondo

Hii ndiyo programu huchagua yenyewe usipoingilia kati. Inaomba mm² 1,494 za nondo za juu, na mm² 435 za mgandamizo upande wa chini. Hizi za chini hazina shida, kwa sababu Y20 (nondo za kipenyo cha mm 20) mbili zinazopita hadi kwenye nguzo zina mm² 628 na zipo tayari. Shida iko juu: mm² 1,494 ni Y20 tano.

Sasa chukua kipande cha karatasi uchore sura ya boriti iliyokatwa kwa vipimo kamili. Upana 230, toa kava, yaani zege linalofunika nondo, ya 30 kila upande, toa ringi ya 10 kila upande. Zinabaki mm 150. Nondo tano zinachukua 100, na nafasi nne zinagawana 50, yaani mm 12.5 kila moja. Kokoto yetu ni ya mm 20. Kanuni inataka nafasi ya ukubwa wa kokoto na mm 5 zaidi, yaani 25. Kwa hiyo zinakaa tatu kwenye safu ya kwanza na mbili zinashuka safu ya pili. Kina cha kazi hakiko tena 400, kimekuwa karibu 382, na programu haijui mpaka uiambie. Na bado hujaziweka nondo za nguzo zinazopanda katikati ya msongamano huo. Siku ya kumwaga, fundi mwenye vaibreta ya kushindilia zege anakuita: “Injinia, hapa vaibreta haipiti.” Anasema kweli. Ukivua mbao unakuta matundu kwenye zege, na ni palepale juu ya nguzo ambapo momenti ni kubwa kuliko kwingine kote.

Nondo zichague pale saizi inapotosha na pengo ni dogo. Zikipita safu moja juu ya nguzo, tafuta njia nyingine. Na boriti iliyokataa kwa jumla ya mkato na msokoto, kama yetu, hakuna nondo itakayoiokoa, kwa sababu kinachopondeka pale ni zege lenyewe.

Daraja la zege

Kwa namba hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Momenti imefika 172, haijagusa 210. Msokoto bado umekataa. Kwa kunepa, BS 8110 inakupa ukakamavu wa zege wa 26 badala ya 25 kN/mm², faida ya asilimia 4. Mtu anayepandisha daraja ili boriti isinepe anamnunulia mteja saruji bure.

Kwenye saiti ni dhaifu zaidi. Zege la 30 linataka saruji ya daraja la nguvu 42.5, lakini mwenye jengo akifika dukani ananunua 32.5 kwa sababu ni nafuu. Vipimo ni kwa karai, mchanga umenyeshewa usiku kucha, na maji yanaongezwa kila zege linapoonekana zito kumimina. Majibu ya michemraba ya siku 28 yanarudi ghorofa inayofuata ikiwa imeshaanza kupanda. Mchoro wenye 30 unaotegemea mazingira hayo umejengwa juu ya matumaini, na mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, anayeweka muhuri wake anapaswa kulijua hilo kabla hajatia wino.

Ipo hali ninayoikubali: jengo kubwa la Kampala, zege linaletwa na lori la mchanganyiko tayari, michemraba inachukuliwa kila siku ya kumwaga, na daraja linapandishwa kwa jengo zima hasa kwa ajili ya nguzo. Boriti zitafaidika pembeni. Arua au Moroto, mbali na mitambo hiyo, mimi hubaki na 25 na kuongeza vipimo vya boriti.

Kina

Kwa boriti nyingi hili ndilo chaguo langu la kwanza. Ukienda 600, momenti inapanda kidogo kwa uzito wa boriti yenyewe hadi kama 216. Nondo zinazohitajika zinateremka hadi mm² 1,077: Y25 mbili na Y20 moja katikati, safu moja, vaibreta inapita. Pesa iliyoongezeka kwenye zege na mbao inarudi kwa sehemu kwenye nondo.

Msanifu atalalamika kuhusu kimo, kwa hiyo nenda kwake na namba. Ghorofa ya mita 3.0 inaacha mita 2.4 chini ya boriti, na juu ya madirisha yanayoishia mita 2.1 bado kuna nafasi ya sentimita 30. Kwa boriti ya pembeni hoja hiyo hushinda mara nyingi. Boriti inayokatiza katikati ya ofisi ni ngumu zaidi kuitetea, hasa mabomba ya maji taka yakitaka kupita chini yake.

Kumbuka pia kwamba boriti iliyokakamaa huvuta momenti zaidi kutoka kwenye fremu. Usibadili kina na kuchukua momenti ya zamani. Endesha hesabu yote upya, uangalie nguzo zinazoipokea.

Upana

Momenti ya 187 bado ina pengo la 23, lakini linahitaji kama mm² 150 tu za mgandamizo, na nondo za chini zilizopo zinalifunika. Nondo za juu ni karibu mm² 1,530, zaidi ya mara 1.4 ya zile za boriti yenye kina. Hata hivyo ndani ya upana wa 300 Y20 tano zinakaa safu moja na nafasi zake halali. Ile shida ya fundi imeisha.

Gharama yake inaonekana kwa macho: mm 70 zinatokeza nje ya ukuta au ndani ya chumba, na nguzo inabidi iwe na angalau 300 upande huo. Ninauchagua upana kimo kinapokuwa hakijadiliki, na kwa boriti ya lile paa la baraza ambayo msokoto wake haukwepeki.

Magharibi mwa nchi

Fort Portal, Kasese na Bundibugyo zinabadilisha mpangilio huu. Ukanda ule wa Bonde la Ufa ulitikiswa vibaya mwaka 1966 huko Toro, na tena Februari 1994. Tetemeko likija, unataka boriti ndizo zianze kupinda na kupasuka, si nguzo. Sasa fikiria boriti ya 600 iliyokaa juu ya nguzo ya 230 kwa 300. Boriti itabaki nzima, nguzo zitavunjika juu na chini, na ghorofa itaketi juu ya nyingine. Hatari hiyo programu haikuonyeshi kwa rangi kama hukuingiza mzigo wa tetemeko kabisa, na modeli nyingi za majengo ya ghorofa tatu ninazoletewa kuzikagua hazina mzigo huo.

Huko mimi huanza na upana, 300 kwa 450, pamoja na nguzo za 300 kwa 400 au zaidi, na ringi zilizobanana karibu na kila kiungo. Msanifu akikubali kina, basi nguzo zikue pamoja nacho kwenye mchoro uleule, na msingi ukaguliwe kwa uzito huo mpya kabla shimo halijachimbwa.